Waliniambia Nisiwe na Stresi

Katika miezi ile tisa, sentensi niliyoambiwa mara nyingi kuliko zote haikuwa "hongera". Ilikuwa "usiwe na stresi". Nesi wa kliniki aliniambia bila kuinua macho kwenye kadi. Mwenzangu wa darasani aliniambia huku ananidai sehemu yangu ya asaimenti ya kikundi. Konda wa Noah inayopanda Mwika aliniambia siku aliyoniona nimejishika tumbo pale Marangu Mtoni. Hata kijana aliyehusika na mimba yenyewe aliniambia, kwa meseji, baada ya wiki mbili za kutopokea simu zangu: "Usiwe na stresi, utamuumiza mtoto."

Meseji hiyo niliisoma saa saba usiku. Sasa niambie wewe unayesoma, mtu anaamkaje asubuhi baada ya hapo akiwa hana stresi?

Nilikuwa mwaka wa pili, ualimu wa sayansi, biolojia na kemia. Mimba ilijulikana mwezi wa tatu, ikiwa na wiki nane, bumu limechelewa na kodi ya chumba imeisha. Nyumbani Mwika nilikuwa sijasema kitu. Mama alikuwa ameuza ng'ombe ili nianze chuo, na kila nilipopanga namna ya kumwambia nilimwona yule ng'ombe kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa mmoja wa Moshi ambao sitautaja, nyumba ya vyumba sita, bomba moja, choo cha nje. Ukuta kati yangu na jirani ulikuwa haujafika juu. Mliowahi kukaa nyumba hizo mnajua: mwenzio akigeuka kitandani unasikia.

Jirani naye alikuwa mjamzito, amenitangulia kama mwezi na nusu. Alikuwa anakaanga vitumbua asubuhi, ana mume fundi wa pikipiki, ana tabia ya kuimba kwaya kwa sauti ya chini anapofua. Ndiye mtu wa kwanza kugundua hali yangu, kabla hata sijapima. Aliniletea vitumbua viwili na limau, akasema, "Mdogo wangu, hilo limau linyonye kabla hujasimama." Nitarudi kwake.

Usiku wa meseji nilishika simu nikatafuta stresi inamfanya nini mtoto aliye tumboni. Nikakutana na neno kotisoli. Kufika alfajiri nilikuwa nimeshajihukumu: kila chozi langu ni sumu, na mimi ndiye ninayemnywesha mwanangu kwa kijiko. Aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, na kwenye daftari nina mchoro wa tezi za adrenali niliouchora mwenyewe kwa penseli za rangi na kupata tisa kwa kumi.

Kotisoli si sumu. Inatoka kwenye hizo tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ubongo ukiona hatari unatoa homoni ya ujumbe, ujumbe unapitia tezi ya pituitari, unafika adrenali, kotisoli inaingia kwenye damu, sukari inapanda, mwili unakaa tayari. Hata pasipo hatari yoyote inapanda kila asubuhi unapoamka. Na mjamzito anayo zaidi ya watu wengine, kwa sababu kondo la nyuma nalo linatengeneza ile homoni ya ujumbe. Kufikia miezi ya mwisho kotisoli katika damu ya mama huwa imepanda mara mbili hadi tatu. Hiyo ni kwa akina mama wote, mwenye raha na mwenye shida, mke wa mheshimiwa na muuza vitumbua.

Tena mtoto mwenyewe anaihitaji. Mapafu yake hukomaa kwa msaada wa homoni za ukoo huo. Ndiyo maana mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati anaweza kuchomwa deksamethasoni, ambayo ni kama ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani, ili mapafu ya mtoto yawahi. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba sindano hiyo ikitolewa mahali penye huduma nzuri inaokoa watoto njiti. Yaani kitu nilichokiita sumu, ndugu yake yuko kwenye kabati la dawa la wodi ya wazazi.

Halafu kuna mlinzi. Ndani ya kondo la nyuma kipo kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikamata kotisoli ya mama na kuigeuza kuwa kotisoni, isiyo na nguvu, kabla haijamfikia mtoto. Inayopita ni sehemu ndogo tu. Niliposoma hilo nilikuwa maktaba, na nililia pale pale, mkutubi akadhani nimefiwa. Mwili wangu ulikuwa umeshajua kwamba mama atalia, ukaweka geti mapema.

Sitawadanganya kwamba geti halipitiki. Kuna utafiti wa London uliokuta kwamba kwa akina mama wenye wasiwasi mwingi kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa kiwango cha chini zaidi. Na kuna kazi iliyofanywa karibu na sisi, Goma, katika hospitali ya HEAL Africa, na watafiti wakiongozwa na Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, ikachapishwa mwaka 2012. Walikaa na akina mama 25 waliotoka kujifungua, wakawauliza kuhusu vita, kubakwa, kukimbia makazi, na pia shida za kila siku. Kisha wakaangalia alama za kikemia kwenye jeni inayotengeneza kipokezi cha kotisoli. Pale ambapo mama alikuwa amepitia makali ya vita, mtoto alikuwa na alama zaidi, na uzito wake wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Akina mama 25 ni wachache, huwezi kujenga sheria juu yao. Lakini nilipofunga ukurasa nilikaa kimya muda mrefu.

Rwanda ndiko kulikonichanganya zaidi. Mwaka 2014 ilitoka kazi kuhusu wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994, pamoja na watoto waliokuwa tumboni siku zile, ambao sasa ni watu wazima. Kotisoli yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao ambao hawakuwepo. Chini, si juu. Kwa hiyo ile picha ya kwamba ukiwa na huzuni homoni inapanda kama zebaki kwenye kipimajoto, haipo. Ukimpima mjamzito kotisoli huwezi kujua analala na nini moyoni. Inabidi umuulize.

Na tazama ni shida gani zilizopimwa huko. Vita. Kuuawa kwa mume. Kubakwa. Hakuna aliyekwenda Goma kumtafuta binti aliyenuna kwa sababu amepata sapu ya kemia hai. Sisi kwa Kiswahili cha mtaani tumeyatia yote kwenye mfuko mmoja, stresi, halafu mfuko tumempa mama aubebe. Ndilo linaloniudhi katika "usiwe na stresi". Inasikika kama huruma, kumbe ni kukabidhiana mzigo: nimekuambia, likitokea la kutokea ni wewe uliyekataa kutulia.

Kuhusu kuuliza, kuna historia nzuri ambayo sikuifundishwa darasani. Miaka ya mwanzo ya sabini daktari wa akili Mwingereza, John Cox, alikuwa Makerere, akafanya utafiti wake katika kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala. Mpaka leo utasikia watu wakisema huzuni ya uzazi ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna ndugu. Waganda wenyewe walikuwa na jina lake la siku nyingi, amakiro, maradhi ya akili ya mzazi, na waliamini yanatokana na uzinzi wakati wa mimba. (Hata huko lawama ilipata pa kukaa.) Cox alilinganisha wajawazito 263 wa pale na wanawake wasio na mimba, akakuta shida ipo na ni ya kweli, matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Baadaye alifanya kazi Edinburgh, na mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa dodoso la maswali kumi mafupi la kumuuliza mama aliyejifungua. Umeweza kucheka? Umeshindwa kulala kwa kukosa raha? Mambo ya namna hiyo. Linatumika dunia nzima, na baada ya miaka mingi lilirudi Afrika Mashariki, likafika Moshi.

Lilifika na utafiti wa mwaka 2014 hadi 2015 katika vituo vya afya vya Majengo na Pasua. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Denmark waliwafuatilia wajawazito zaidi ya elfu moja mpaka wakajifungua. Karibu watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili na mwenzi wao ndani ya mimba hiyo hiyo: kupigwa, kulazimishwa, kutukanwa na kutishwa. Waliopigwa walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuzaa kabla ya wakati. Na siku arobaini baada ya kujifungua, waliofanyiwa ukatili walionyesha dalili za sonona kwa uwezekano wa karibu mara tatu ukilinganisha na wasiofanyiwa.

Majina hayo, Majengo na Pasua, niliyasoma mara mbili. Ninapita huko na bajaji. Goma niliweza kuionea huruma kwa mbali. Hii ilikuwa mitaa ambayo watu wake tunapanga foleni pamoja sokoni Mbuyuni. Na nyuma ya ukuta wangu alikuwepo mmoja.

Nilikuwa nimejua tangu mwezi wa nne. Mara ya kwanza nilijiambia ni sufuria imeanguka. Mara ya pili nilimsikia akisema, taratibu kabisa, "Baba, si tumboni." Hakupiga kelele. Nadhani alikuwa anajitahidi asiwe na stresi, kama tulivyoambiwa wote wawili asubuhi ile kliniki, tumekaa benchi moja, kila mmoja na vidonge vyake vya kuongeza damu mkononi. Nilikuwa nasoma kwa ajili ya testi. Nilivaa hedifoni nikaongeza sauti. Sura niliyokuwa nasoma ilikuwa ya homoni.

Kwa nini sikugonga mlango? Nimejibu swali hilo kwa namna nyingi. Nilikuwa mpangaji mgeni. Nilikuwa na tumbo langu. Mambo ya watu na ndoa zao. Mwenye nyumba alikuwepo, wapangaji wengine wanne walikuwepo, mjumbe anakaa nyumba ya tatu, dawati la jinsia polisi liko mwendo wa bajaji moja. Wote tuliongeza sauti. Asubuhi yeye alikaanga vitumbua na sisi tukanunua.

Mimi nilibahatika kuulizwa na mtu mmoja, mwalimu wa kike ambaye alinibakiza baada ya maabara akasema tu, "Unakula nini jioni?" Siyo unajisikiaje. Unakula nini. Nikajikuta nimemweleza mpaka habari ya ng'ombe. Yeye ndiye aliyenipigia simu nyumbani nikiwa nimekaa pembeni, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuomba kuahirisha masomo bila kufukuzwa. Kuna wenzangu wawili ninaowajua waliacha chuo kabisa kwa kutolijua hilo, kwa hiyo naliandika hapa: ulizeni kwa mlezi wa wanafunzi kabla hamjafungasha.

Wiki ya mitihani ya mwisho, mwanzo wa mwezi wa saba, jirani alijifungua. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Sikuwepo, nilikuwa chumba cha mtihani. Niliporudi jioni nilikuta jiko la vitumbua limepinduliwa uani na mama wa chumba cha kona akipiga deki ukumbi bila kuniangalia. Mtoto, wa kike, alikuwa na gramu 1,600. Aliishi. Walimweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakamfunga na kanga kwa mtindo wa kangaruu, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Siwezi kusema kwa hakika ni kipigo kilichomtoa mapema, mwili wa mtu mmoja hauna asilimia. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimesoma ule utafiti, na nilikuwa na hedifoni.

Mimi nilipanda Mwika baada ya mitihani. Ile baridi ya mwezi wa saba mnaijua, ukungu unashuka kihambani mchana kweupe na migomba inadondosha maji kama mvua ndogo. Nilijipanga kwa maneno yote niliyostahili kuambiwa. Nilimkuta bibi jikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Mjomba alikuwa na hotuba yake, ameiandaa, nadhani aliifanyia mazoezi. Alifika kwenye neno "aibu" mara moja tu. Bibi alimwambia, bila kuacha kumenya ndizi, "Ukitaka kumgombeza, ngoja azae, amalize na miezi yake mitatu, halafu umtafute. Sasa hivi hapa ndani hapapigwi kelele." Mjomba akatoka kwenda kukagua mfereji ambao haukuwa na tatizo. Kuanzia jioni ile maji alichota binamu yangu wa kiume, kwa kununa lakini alichota. Mtori wa mshare ulikuwepo kila siku mpaka nikauchoka. Bibi hakuwahi hata mara moja kuniambia mimi nitulie. Aliwaambia wengine.

Nilimuuliza siku moja kwa nini. Alishangaa swali. Akaniambia enzi zake mwali aliyezaa alikuwa hashiki jembe miezi mitatu, analishwa maziwa na mafuta na kupumzishwa, na siku anayotoka kwenda sokoni kwa mara ya kwanza watu wanampokea kama aliyerudi vitani. Sitaki kuipamba Mwika ya zamani. Bibi huyo huyo amenieleza kuhusu wanaume wa enzi hizo, na wanaume wa Majengo na Pasua wengine ni wajukuu wa vihamba hivi hivi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa wazi kwao, kwamba utulivu wa mjamzito ni kazi ya watu wanaomzunguka, na kazi ina watu wanaopangiwa.

Mama alichukua siku nne. Siku ya tano alikuja tulipokuwa tunaanika kahawa, akakaa, akaokota punje mbovu kwa muda. Kisha akasema, "Yule ng'ombe hata hivyo alikuwa mzee." Nililala usiku ule kama gogo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. (Upande wa kijana walikuja baadaye, na jani la isale na mbuzi, wakaomba radhi. Hayo ni ya wakubwa, niyaache.)

Habari za jirani nilimsimulia bibi usiku mmoja, pamoja na ile ya hedifoni. Sikupata maneno ya faraja. Aliuliza, "Yuko wapi sasa?" Nikasema ametoka kwa mumewe, amehifadhiwa na dada yake Himo, dada anashinda kwenye biashara, na yeye yuko ndani na mtoto peke yake kutwa. Asubuhi nilikuta mkungu wa mshare umefungwa kamba mlangoni, na maziwa kwenye galoni ya lita tatu. "Gari la saa mbili," bibi akasema.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane, na tumbo langu lilikuwa limenitangulia kila mahali. Konda alinipakia mkungu, akaanza, "Dada, usiwe na..." akaniangalia usoni akaacha.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani ndani ya kanga, macho yake mekundu. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha. Nilifika katikati ya sentensi akanyanyua mkono. "Nilijua unasikia," akasema. "Mdogo wangu, unajua kumshika hivi? Shingo kwanza." Akafungua kanga, akanivua sweta bila kuuliza, akamlaza mtoto juu ya kifua changu, pale tumbo linapoanzia, akatufunga. Mtoto alikuwa mwepesi na wa moto. Wa ndani akarusha teke, wa nje akakunja uso.

Nilipoinua macho kumwambia, mama yake alikuwa amelala tayari, na viatu miguuni. Alilala saa tatu. Nilikaa pale pale kwenye kiti, mguu umekufa ganzi, chungu cha mtori kikipoa.